Msiwasonye Them Mushrooms

Jana kijana mmoja mpiga gitaa alitujia kijiweni uso umemkunjamana. Anapiga kwenye hoteli ya ufukweni, usiku sita kwa wiki, na kila usiku lazima wimbo ule wa kuwaamkia watalii upigwe, siku nyingine mara tatu. "Mzee wangu," akaniambia, "vidole vyangu vimeanza kusahau chakacha." Kisha akatoa neno lililonichoma: ati bendi ya Them Mushrooms ndiyo iliyouza muziki wa Pwani. Nusu ya baraza wakasonya kumuunga mkono.

Nami nikasonya, lakini nikiwasonya wao.

Hebu tusikizane. Wimbo huo, "Jambo Bwana", ulitoka mwaka 1982, kazi ya Teddy Kalanda Harrison na nduguze wa Them Mushrooms, wana wa Pwani hii hii. Mgeni aliyeshuka ndege asubuhi, jioni anauimba na anajua anachosema. Nani kati yenu awezaye kutunga wimbo ambao asiyejua lugha yako ataushika kabla kahawa yake haijapoa? Huo ni ufundi, wallahi, na ufundi mgumu. Mwaka uliofuata Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, nao wakautoa kwa namna yao.

Ila uchungu wa kijana ni wa haki, siukatai. Mtalii hukaa wiki mbili akaondoka, akaja mwingine, na kwake wimbo ni mpya. Mpigaji ndiye asiyeondoka. Hoteli inalipa ili mgeni afurahi, na mgeni hufurahia alichokwisha kukisikia. Ukimpigia chakacha ya kweli, ngoma zikizungukana, gitaa likizijibu, atapiga makofi kwa adabu kisha aombe ile salamu. Miaka kumi ya hivyo, mkono unadumaa.

Sasa tazameni Mushrooms walifanya nini. Rege walipiga. Chakacha, ngoma ya mama zetu, wakaitia kwenye magitaa ya umeme. Mwaka 1987 wakahamia Nairobi, wakazirekodi upya zilizopendwa, nyimbo ambazo wenyewe wa zamani zilikuwa zikiwatoka akilini. Salamu iliwapa unga, hawakuifanya kaburi.

Nikawauliza pale barazani: nani atanitajia wimbo wao mwingine mmoja tu? Tulikuwa watu tisa. Kimya. Muuza kahawa peke yake ndiye aliyejibu, akauimba mpaka mwisho akiosha vikombe.

Basi aliyeuza muziki ni nani, bendi au sisi? Harusini tunaweka spika na kijana wa kompyuta, halafu tunamlaumu mpiga gitaa kwa kumfuata mtalii, ambaye angalau anamlipa.

Kijana yuko huru kila Jumatatu, na gitaa lake analo. Mwenye shughuli amwite, amlipe vizuri, amwombe chakacha.