Mapazia ya Damu ya Mzee

Wifi yangu aliyaona mapazia yale usiku, umeme umekatika, watoto wamelala, na mwanga pekee sebuleni ni wa simu yake. Muuzaji, dada wa Kariakoo mwenye sauti ya upole, hakuanza na bei. Alikikusanya kitambaa viganjani, akakiachia mbele ya kamera kikashuka kwa uzito wake, fwaa, huku nyuma ikipigwa taarabu ya taratibu. Rangi yake damu ya mzee, iliyokolea. Wifi akairudia video ile mpaka chaji ikakaribia kwisha. Akaikuza kwa vidole, akapapasa kioo pale palipo na kitambaa kama anayepima unene wake.

Muziki ule haukuwekwa bure. Mwaka 1982 Mmarekani Ronald Milliman alichapisha utafiti alioufanya katika supamaketi: muziki wa polepole uliwafanya wateja watembee taratibu, na mauzo yakapanda. Wauzaji wetu wa mtandaoni hawakuhitaji kuusoma. Wanajua kwa uzoefu kwamba sikio likitulia, jicho nalo hukaa.

Asubuhi akaniambia, "Wifi, wageni wa mahari wakiyakuta haya, watajua wamefika kwa watu." Binti yangu ndiye aliyekuwa anaposwa, na kwetu shughuli ya namna hiyo huwa mikononi mwa shangazi. Sikuwa na neno. Mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Umekishika?"

"Nimeona video, mama. Kila kitu kinaonekana."

Akaweka namba ya siri, shilingi 120,000 zikaenda.

Huduma ya kutuma pesa kwa simu imetuokoa na mengi tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuja Tanzania mwaka uliofuata, wala siwezi kuibeza. Lakini noti unazozifungua kwenye pindo la khanga na kuzihesabu mbele ya muuzaji huupa mkono nafasi ya kusita. Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walionyesha mwaka 2001 kwamba watu walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa zaidi, kwa kitu kilekile, kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Namba ya siri, naona, ni nyepesi hata kuliko kadi.

Kisha likatokea jambo ambalo wifi mwenyewe hulishangaa hadi leo. Kabla mzigo haujafika, aliyashusha mapazia yetu ya zamani, yale ya pamba ya kijani, akampa jirani. Moyoni mwake madirisha yalikuwa yamekwisha kuvishwa. Naamini kidole ndicho kilichomshawishi. Mwaka 2014 Adam Brasel na James Gips wa Boston College walieleza kwamba mtu anayechagua bidhaa kwa kugusa kioo cha tableti hujihisi kuimiliki zaidi kuliko anayetumia kipanya cha kompyuta. Wifi alikuwa ameyagusa mapazia yale usiku kucha bila kuyagusa. Anayemwita mjinga hajui nguvu iliyomkabili.

Bodaboda alifika Jumamosi yenyewe, wageni wakitarajiwa alasiri. Kifurushi kilikuwa chepesi mno. Tulipokata mfuko ikatoka harufu ya mafuta ya taa. Damu ya mzee ilikuwa pinki iliyochujuka. Taa za muuzaji na mwanga wa simu vilikipa kitambaa rangi ambayo dirisha letu halikuwa nayo. Ukikiinua kwenye jua, ulimwona aliyesimama upande wa pili. Tukapiga namba ya duka. Haikupokelewa.

Tukayatundika hivyohivyo, maana madirisha yalikuwa matupu. Mama mkwe akaleta chetezo, akaweka udi, akawa anakipitisha chini ya mapazia ili harufu ile ikimbie. Cheche ikaruka. Kitambaa hakikuwaka moto. Kilijikunyata, kikafunguka tundu lililozidi kupanuka, kikadondosha matone sakafuni. Mama aliuza khanga Tanga miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Uzi wa pamba ukiungua hunuka karatasi na kuacha majivu. Huu uliyeyuka ukaacha shanga ngumu nyeusi. "Nailoni tupu," akasema. Nyumba ikajaa udi na plastiki iliyoungua, vyote pamoja.

Mwanangu wa mwisho akakimbizwa kwa jirani. Mapazia ya kijani yalikuwa kwenye beseni, yamelowekwa kwa sabuni. Jirani, Mungu ambariki, akayasuuza mwenyewe, tukayakamua wawili wawili uani, tukayatundika yakiwa mabichi na kuwasha feni zote. Wajomba wa kijana wakaingia, wakakaa. Maji yakawa yanadondoka mkekani. Mshenga akasogeza kanzu yake kidogo, akaendelea na maneno yake kwa adabu kubwa, na mahari ikapokelewa.

Jumatatu mama mkwe alisema kilichokwisha kutolewa hakirudishwi, tukampelekea jirani mapazia yake. Ikabidi tutafute mengine, na safari hii mama aliomba simu. Wifi akampigia muuzaji mwingine wa Kariakoo, kijana, kwa video.

"Mwanangu, zima hiyo taa. Toka nacho nje ya duka, nikione juani."

Kijana akatoka.

"Kisogeze kwenye simu ukifikiche, nikisikie. Haya, lowesha pembe, sugua kwa leso nyeupe."

Kitambaa cha kwanza kilitia leso rangi. Akakikataa bila kuuliza bei. Cha pili kiliiacha nyeupe. Hapo nilimwona wifi akiisogelea simu, anajifunza, naye muuzaji hakuchoka wala hakukasirika. Natamani wote wangeuza hivyo, kwa jua na leso, kabla ya taarabu.

"Sasa harufu siipati huku," mama akasema. "Mpe bodaboda mzigo. Nikiushika na kuunusa, ndipo nitalipa."

Kijana akafikiri. Akakubali, ila nauli ya boda kwenda na kurudi iwe juu yetu, tununue tusinunue. Mama akaona ni haki, akamwambia wifi amtumie nauli.