Jinsi ya Kufutwa Udaktari kwa Madaha

Karibu, dokta. Vuta kiti, funga mlango, na hiyo simu ya wodini iache iite, tutaizoea. Nimesikia una miaka kumi kazini na hujawahi kusimamishwa hata wiki moja. Usijisikie vibaya, wengi huanza hivyo. Kinachotakiwa ni nidhamu kidogo na kujipenda kwa wingi, na hicho cha pili najua unacho, maana nimeiona picha yako ya wasifu: uko harusini, stetoskopu shingoni.

Darasa letu litakuwa Uingereza. Si kwamba kwetu hakuna vipaji. Mtaani kwangu palikuwa na zahanati iliyotundika leseni yake ukutani, nusu ya chini ikiwa nyuma ya kalenda. Ukitaka kuona tarehe ya kuisha ilibidi uombe kalenda isogezwe, na nani ataomba hivyo huku mtoto anachemka mgongoni? Lakini Waingereza ndio waliotuachia mtindo huu wa daftari la madaktari na baraza la kulilinda, nasi tukaushika kwa mikono miwili, mpaka leo Tanzania Bara daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndiyo, Tanganyika. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar wana baraza lao, na huku Bara jina la nchi ambayo haipo tangu 1964 lingali kwenye mhuri.

Isitoshe, Waingereza huanika. Mashauri ya madaktari wao husikilizwa na jopo mjini Manchester, na uamuzi huchapishwa kila mtu ausome, isipokuwa vipande vinavyohusu maradhi ya daktari mwenyewe. Kwa mwanafunzi makini kama wewe hiyo ni maktaba ya bure.

Kabla hujaanza: mjue unayemkabili

Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, GMC kwa kifupi chao, lilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1858. Watu hudhani kazi yake ni kuchapa viboko. Sivyo. Swali lake ni moja na ni la kuudhi: huyu akirudi wodini Jumatatu, mgonjwa yuko salama? Likishindwa kujibu ndiyo, lina ngazi. Masharti ya kazi, hadi miaka 3. Kusimamishwa, hadi miezi 12 kwa mkupuo. Na ghorofa ya juu kabisa, kufutwa jina, ambako hata kuomba kurudi huruhusiwi kabla ya miaka 5.

Chini ya ngazi kuna mlango mdogo ambao wengi hawaujui: agizo la muda. Kwa agizo hilo unaweza kuwekwa kando hadi miezi 18 kabla lolote halijathibitishwa. Wajumbe hawaulizi kama ulitenda. Wanauliza: tukimwacha aendelee, halafu ikaja kuwa kweli, je? Wewe hapo piga kelele kwamba umehukumiwa bila kusikilizwa. Hujahukumiwa, ila itasikika vizuri redioni.

Hatua ya kwanza: weka saini kwenye kazi yako

Fundi seremala hupiga chapa chini ya meza. Kwa nini wewe ukose?

Wa kuigwa ni Simon Bramhall, bingwa wa kupandikiza maini katika hospitali ya Queen Elizabeth, Birmingham. Mwaka 2013, mgonjwa amelala kwa nusukaputi, tumbo wazi, alichukua kifaa cha mwale wa agoni, ambacho kazi yake ni kuzuia damu isivuje, akachoma juu ya ini herufi za jina lake: SB. Kisha akafunga. Akarudia kwa mgonjwa mwingine mwaka huohuo. Herufi zenyewe hazikuliharibu ini, na pengine zingekwenda kaburini kimyakimya, kama ini la mgonjwa mmoja lisingegoma kwa sababu nyingine kabisa, ikabidi daktari mwingine afungue tena. Mfikirie huyo mwenzake. Anavuta taa, anafuta damu, anainama, na ini linajitambulisha.

Bramhall alikiri mahakamani kosa la kushambulia, akatozwa faini ya pauni 10,000 mwaka 2018. Mwishoni mwa 2020 jopo likamsimamisha miezi 5. Ikakatwa rufaa kwamba hiyo ni huruma iliyopitiliza, na Januari 2022 jina likafutwa. Zingatia kwamba hakuna aliyesema hajui kazi. Alikuwa fundi kwelikweli. Usije ukadhani umahiri utakuzuia kufika tunakokwenda.

Huna kifaa cha agoni? Simu unayo. Piga picha chumba cha upasuaji, wewe mbele na dole gumba, tumbo la mtu nyuma yako. Weka kwenye *status*. Mgonjwa hana habari, kalala.

Hatua ya pili: jisimulie mwenyewe, tena mbele ya kamera

Mashahidi wana gharama. Okoa fedha za umma kwa kujitolea ushahidi. Andrew Wakefield, yule aliyeandika katika jarida la *Lancet* mwaka 1998 kuhusu watoto 12 na kuzua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, alihitaji damu ya watoto wazima kwa ajili ya kulinganisha. Akaipata kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Watoto walioalikwa keki walitolewa damu, kila mmoja akalipwa pauni 5. Hiyo peke yake ingeweza kusahaulika. Lakini mwalimu wetu alikwenda Marekani kutoa mhadhara, akakisimulia kisa hicho kama kichekesho, na mkanda ukawa unazunguka. Ukumbi ulicheka. Baraza lilipokaa kusikiliza shauri lake, kuanzia 2007, halikucheka. Alifutwa Mei 2010, miezi michache baada ya jarida lenyewe kuliondoa andiko lake.

Chanjo zilishuka, surua ikarudi kwenye nyumba zilizokuwa zimeisahau. Yeye alikwishahamia Texas, ana wafuasi wanaomshangilia. Nakutajia hayo usije ukakata tamaa.

Hatua ya tatu: lipambe faili

Mgonjwa ameharibika, ndugu wanauliza maswali, faili lina mapengo. Kaa chini ulijaze. Tumia kalamu ileile kwa siku zote tano, mwandiko uleule, haraka ileile. Ukiwa unatumia kompyuta ndiyo raha zaidi, maana mfumo huandika wenyewe saa na dakika uliyoingia kurekebisha, kwa hiyo huna haja ya kukumbuka.

Mimi nilipata kuishika kazi ya namna hii mkononi. Shangazi yangu alilazwa hospitali moja, sitaitaja, tukamtoa saa kumi jioni baada ya kuchoka kusubiri daktari. Wiki mbili baadaye tulipoomba nakala za faili tukakuta mstari mmoja safi kabisa: saa nane usiku, mgonjwa ameangaliwa, analala vizuri, presha 120 kwa 80. Saa nane ya usiku huo shangazi alikuwa kwangu, sebuleni, anagombana na wajukuu juu ya rimoti. Presha ya 120 kwa 80 hajawahi kuwa nayo tangu aolewe.

Msomaji asiyejua sanaa ataona uongo mdogo tu. Jopo litaona zaidi. Kosa la tiba, hata kubwa, mtu anaweza kufundishwa asilirudie. Uongo wana taabu nao, kwa sababu hakuna kozi ya wiki mbili ya kuufundisha ukome. Basi ukitaka kuruka ngazi tatu kwa mpigo, hapa ndipo pa kurukia.

Hatua ya nne: usijute

Kuna neno utalisikia Manchester mpaka likuchoshe, kwa Kiswahili tuliite kujitambua. Daktari amelitazama alilofanya, akalielewa, akaeleza amebadili nini? Akiweza, jopo hulegea. Wewe usiweze. Ukilazimika kuomba radhi, tumia fomula hii: “Nasikitika kama mgonjwa alijisikia vibaya.” Neno *kama* ndilo linalofanya kazi yote. Baada ya hapo laumu nesi. Nesi akiwa amestaafu, laumu mfumo. Mfumo nao ukiwa na hatia kweli, jihadhari, maana unaweza kuokoka kwa bahati mbaya.

Ndivyo alivyotuangusha Hadiza Bawa-Garba, aliyekuwa anasomea ubingwa wa watoto, Leicester. Mwaka 2011, katika zamu yenye upungufu wa watu na kompyuta zilizogoma, mtoto wa miaka 6 alifariki kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Palikuwa na makosa yake na palikuwa na makosa yasiyo yake, na palikuwa na mama aliyezika mwana. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2015 kwa uzembe uliosababisha kifo. Mwaka 2017 jopo lilimsimamisha miezi 12. Baraza likasema haitoshi, afutwe. Januari 2018 Mahakama Kuu ikamfuta, madaktari wenzake wakachangishana kumlipia mawakili, na Agosti Mahakama ya Rufaa ikasema jopo lilikuwa sahihi tangu mwanzo, ikarudisha kusimamishwa badala ya kufutwa. Kwa nini? Kwa sababu, pamoja na mengine, alikuwa amejirekebisha. Mwanafunzi wa hovyo kabisa kwa darasa hili.

Hatua ya tano: jitibu mwenyewe, kwa siri

Wahenga waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakuwa na ufunguo wa kabati la dawa. Wewe unao.

Hapa mfano ni mmoja, na nitautaja upesi. Mwaka 1976 daktari kijana, Harold Shipman, alitiwa hatiani kwa kughushi vyeti vya dawa ili apate pethidini ya kujidunga. Akatozwa faini. Baraza likamwandikia barua ya onyo, likamwachia leseni. Mwaka uliofuata alikuwa na kazi mpya, mji wa Hyde. Januari 2000 alihukumiwa kwa kuua wagonjwa wake 15, na tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ikaja kuwahesabu 215, wengi wao wanawake wazee waliompenda na kumfungulia mlango wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2000 baraza likaongezewa nguvu ya kutoa yale maagizo ya muda. Ndiyo maana siku hizi hawasubiri.

Haya, tunywe maji. Tuendelee.

Hatua ya sita: masharti yatimize kwa jumla, si kwa rejareja

Tuseme umepewa adhabu ndogo ya kukuonea: usimpime mgonjwa wa kike bila mtu mwingine chumbani, na kila siku jina la msimamizi huyo liandikwe kwenye daftari na atie saini. Kazi gani hii! Subiri Ijumaa, mwite mhudumu mmoja, mnunulie soda, mjaze wiki nzima kwa mara moja. Ikiwa Jumatano alikuwa likizo, msisumbuke kufuta. Mkaguzi atafurahi kuona mhudumu anayejituma mpaka likizoni.

Kutoka masharti hadi kusimamishwa ni hatua fupi, na hutaombwa kupanda. Utapandishwa.

Hatua ya saba: hama

Dunia ni kubwa, na huko uendako hawajui. Kuna kikwazo kimoja tu: baraza la huko litataka barua kutoka baraza la huku, kwamba jina lako ni safi na huna shauri. Barua hiyo huwa wanatumiana wenyewe, hawakupi wewe uibebe mfukoni, jambo ambalo kwangu ni kukosa imani kwa binadamu.

Kuna waliopita kwa njia nyingine. Zholia Alemi alisajiliwa Uingereza mwaka 1995 kwa shahada ya kughushi ya New Zealand, akafanya kazi ya tiba ya akili kwa takriban miaka 20, akiandikia watu dawa na kuwaweka wodini. Kilichomfunua si baraza. Alighushi wosia wa bibi mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, na mwandishi wa habari wa gazeti la mkoani akaanza kuuliza shahada ilitoka wapi. Mwaka 2018 baraza likaanza kufukua mafaili ya wote waliopita mlango uleule, na mwaka 2023 yeye akafungwa miaka 7 kwa shahada hiyo. Miaka 20! Wivu unanishika. Ila tumuache, yule hakufutwa udaktari, hakuwa nao. Si wa darasa letu.

Hatua ya nane: maisha mapya

Hongera. Umefutwa. Usibadilishe kadi zako za mawasiliano, zina gharama. Wakikuita dokta kwenye msiba, itika. Fungua ofisi ndogo ya lishe na ushauri, weka mwanamitishamba mmoja mbele, wewe kaa nyuma ya pazia na ule mzani. Koti jeupe lifue, lipige pasi, litundike mahali linapoonekana kutoka barabarani.

Na jirani atakuja tu. Saa sita usiku, hodi mlangoni, mtoto begani, homa kali, macho yamelegea. Jikohoze. Kunja sura ile ya kibingwa. Mwambie siku hizi unashauri tu, kisha uliza ameanza lini, amepimwa malaria, anatapika? Nyoosha mkono umguse kipaji cha uso. Mbona anarudi nyuma? Kwenye ule mkono wa pili ana simu, kioo kinawaka, na jina lako amekwisha kuliandika.