Pole, Baba Mwenye Nyumba

Tumhurumie mwenye nyumba wa England. Tangu 2020 sheria inamtaka aite fundi umeme mwenye sifa akague nyaya za nyumba ya kupangisha angalau kila miaka 5, kisha mpangaji apewe nakala ya ripoti. Mateso gani haya!

Ugomvi wote uko kwenye alama za ripoti hiyo. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi. C2 ni hatari inayoweza kutokea. C3 ni ushauri tu, na mwenye nyumba huipenda kama mjukuu. Ikiandikwa C2, marekebisho yafanyike ndani ya siku 28, na hapo fundi aliyekuwa "mtaalamu" asubuhi hugeuka mwizi jioni: anajitafutia kazi! (Wapo kweli wanaoiona C2 hata kwenye kivuli cha swichi, hasa wakijua watakaolipwa kurekebisha ni wao.)

Basi bwana mkubwa anatafuta fundi mwingine, wa bei nafuu, anayekagua ghorofa mbili bila kufungua kifuniko hata kimoja cha soketi. Huyo sasa ndiye mtaalamu.

"Nyaya hizi ziko tangu enzi za marehemu baba, hazijaua mtu," anajitetea. Hazijamuua yeye, maana halali humo. Halmashauri ikimkuta, faini yake ni maelfu ya pauni. Lakini asikose usingizi: barua ya kupandisha kodi imeshaandikwa, na sababu iliyotajwa ni gharama za usalama wa mpangaji.