G Hii Isomwe Vipi?

Mwaka 1987 Steve Wilhite wa kampuni ya CompuServe aliuletea ulimwengu GIF, aina ya faili la picha, ulimwengu ukamshukuru kwa kumfundisha jina la mwanawe mwenyewe. Yeye alisema ni "jifu". Wajuzi wakang'aka: ni "gifu", maana G hiyo imetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya michoro, nalo lina G ya gari! Haya, mabwana. Na P ya JPEG, aina nyingine ya faili la picha, iliyotoka kwenye neno linaloanza kwa sauti ya F, mbona hamuisomi "jefegi"? Kimya.

Mwaka 2013 Wilhite alipotunukiwa tuzo ya Webby, hotuba yake ilikuwa maneno matano ya Kiingereza kwenye skrini, yenye maana: ni jifu, si gifu. Mzazi kashasema. Majirani, endeleeni na kikao.