Ombi la Pensheni ya Mzee Kiteezi

Kwa Mamlaka Husika,
Kampala (au Wakiso, itategemea aliyeulizwa ni nani).

YAH: MAFAO YA UZEENI YA JAA LA KITEEZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua kuhusika si jambo mlilolizoea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi, na kwa sababu barua zetu za Kiingereza na Kiganda zilirudi na jibu lilelile: suala lenu linashughulikiwa na mamlaka husika. Basi anwani hiyo ndiyo niliyoiweka. Kama nimegonga mlango siyo, mniwie radhi. Hakuna aliyewahi kutuonyesha ulipo.

Naomba pensheni. Siyo yangu, ya Mzee Kiteezi. Alianza kazi mwaka 1996. Alibeba kasasiro, yaani taka, ya Kampala miaka 28 bila likizo. Ekari zake 36 zilijaa, akatwishwa tena, akapanda juu badala ya kupanuka. Januari 2024 Lord Mayor wa Kampala, Lukwago, alionya juu ya hatari kwa wanaofanya kazi na kuishi pale. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, baada ya mvua kubwa, Mzee akaporomokea nyumba za watu. Ndipo mkakumbuka kumstaafisha, akiwa na umri ambao vijana wengi wa mji huu hawajapata hata kibarua cha kwanza.

Sasa, mtumishi wa umma akistaafu ana stahili zake, hata kama faili lake limechafuka. Mzee anahitaji nguo kwanza. Avishwe koti zito la udongo wa mfinyanzi lisilopitisha maji, na nyasi juu yake, maana hivi alivyo kila mvua inamwingia hadi mifupani. Anahitaji daktari wa tumbo. Kufungwa geti hakukumzuia kusaga chakula: taka zinaendelea kuoza, methane inajaa, na asipowekewa mabomba ya kupumulia anaweza kujiwasha moto mwenyewe. Ana tatizo la figo pia. Kile kimiminika cheusi kinachomtoka ubavuni kinafuata bonde, na bondeni kuna visima. Apewe mtambo wa kukisafisha, pamoja na mtu wa kuuendesha na umeme wa kuuwasha. Naona ni vyema kuvitaja vyote vitatu.

Zaidi ya yote, apimwe mara kwa mara. Taka zikioza hunywea, na hazinywei sawasawa: hapa panatitia, pale panabaki, katikati panapasuka. Ufa hunywa maji ya mvua, maji hulundikana ndani, na siku yake ikifika mteremko huondoka. Muda ninaouomba ni miaka 30. Sikuota, ndio muda wa kawaida katika sheria za Marekani na Ulaya. Mwenzake wa New York, Fresh Kills, alistaafu mwaka 2001, na bado gesi yake inakusanywa na maji yake machafu yanasafishwa. Hata bustani anajengewa.

Najua mtadai uthibitisho kwamba mstaafu yu hai, kama mnavyowadai wazee wetu wanaojikokota na fimbo hadi kwenye foleni zenu. Kwa huyu, nawasihi mje nyinyi. Mzee asije. Mnakumbuka mara ya mwisho aliposogea. Mkifika mtamkuta mzima kabisa: anafuka moshi, anajamba, anavuja, na kaloli, wale korongo wala taka, wanatembea juu yake kama makarani siku ya ukaguzi.

Kwa sasa anayemwangalia ni jjajja mmoja, bibi jirani yetu. Alichomeka kijiti cha muhogo kwenye ufa wa ukingoni, na kila mvua ikikatika anakwenda kutazama kama kimelala. Ndicho chombo cha vipimo tulichonacho upande huu. Bahati mbaya kimechipua, na sasa tunabishana kama kimeinama kwa sababu ya mlima au kwa uzito wa majani.

Maiti zaidi ya 30 zilifukuliwa pale, waheshimiwa. Kwa greda, ndani ya uchafu, siku baada ya siku. Rais aliagiza shilingi milioni 5 kwa familia ya kila aliyekufa na milioni moja kwa kila majeruhi, akauliza ni nani aliyeruhusu watu wakae karibu na rundo la hatari kama lile. Swali zuri. Na rundo lenyewe, aliyeliruhusu lipande hadi kuwafikia ni nani? Jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110 Machi 2017. Mlikuwa mnangoja telegramu? Septemba 2024 wakubwa watatu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, walifukuzwa kazi, sisi tukapiga makofi kama mabwege, na mlima ukabaki palepale. Kumfukuza mkubwa hakuzibi ufa!

Samahani. Nimepaza sauti mbele za wakubwa.

Nina maombi mengine madogo. Tunaomba uzio. Tunaomba namba moja ya simu inayopokelewa usiku, maana mvua haifuati saa za ofisi. Wale wanaokuja na kamera na vizibao vya kung'aa, wakapiga picha na kuandika majina yetu upya, watuachie angalau kizibao kimoja cha jjajja wa muhogo. Na kwa kuwa kasasiro siku hizi inapelekwa Buyala, kule Mpigi, mfungulieni Buyala naye akaunti ya pensheni leo hii, angali kijana na hajajua mnavyowatenda wazee.

Wasalaam,

Jirani wa Kiteezi

Nakala: Ofisi iliyo jirani na yenu, ili mpate pa kuisukumia barua hii.