Harusi ya Kusikiliza

"Sasa baba, hii si redio?"

Mama mkwe aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Jumapili hii iliyopita, saa mbili usiku, watu kumi na mmoja tumejazana sebuleni, TV imeungwa na kompyuta kwa waya wa HDMI niliouendea Kariakoo makusudi, soda zimefunguliwa, sahani ya karanga inazunguka. Nikabofya. Vigelegele vikalipuka, kinanda kikaingia, MC akaamuru wote tusimame na watoto wawili wakasimama. Kioo cha TV kikabaki cheusi tii kama sufuria ya mama ntilie.

Mama alikosa harusi ya mjukuu wake kule Mwanza kwa sababu ya mguu uliovunjika, akaletwa kwetu Dar kutibiwa. Shemeji, aliyekaa meza ya mbele, alirekodi dakika 48 kwa simu yake ya bei mbaya, tena kwa ubora wa 4K, akatutumia. GB 8. Nikanunua bando la usiku, nikakesha nikitazama asilimia zinavyopanda, kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Asubuhi nikamtangazia mama kwa sauti ya mwenye mali: "Leo na wewe unahudhuria."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana tangu siku hiyo nasoma habari za video mpaka mke wangu ameanza kunionea huruma.

Faili la video ni gunia. Ile .mp4, .mkv au .avi ya mwisho wa jina ni maandishi ya nje tu. Hayakuambii ndani mna nini. Wenye MKV angalau walisema kweli, kwani jina lake kamili ni Matroska, kutokana na wale wanasesere wa mbao wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Ndani ya gunia, picha imefungwa kivyake na sauti kivyake, na kila fundo lina mtaalamu wake wa kulifungua. Mtaalamu huyo ndiye kodeki. Sauti ya shemeji ilifungwa kwa AAC, mtindo wa tangu 1997, ambao kompyuta yoyote inaujua. Picha ilifungwa kwa H.265, mtindo uliopitishwa 2013. Kompyuta yangu, niliyoinunua kwa mtu, ni ya 2011. Nilikuwa namgombeza mzee kwa kutojua misemo iliyozuka miaka miwili baada ya yeye kuacha kutoka nyumbani.

Na kwa nini wazifunge hizo picha? Fanya hesabu. Picha moja ya 4K ina vitone 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8, na kila kitone kinataka baiti tatu za rangi. Hiyo ni kama MB 25 kwa picha moja, na simu inapiga 30 kila sekunde. Bila kufungwa, dakika 48 za shemeji zingefika GB 2,150. Kwa bando langu la GB 8 kwa usiku, ningepakua usiku 269. Ni miezi tisa hiyo. Ningemaliza kupakua harusi wakati bibi harusi yuko leba.

Kodeki inaponaje hapo? Inasimulia kama shangazi. Shangazi aliyetoka harusini harudii kila dakika kwamba ukumbi ulikuwa na mapazia ya zambarau. Anakupa sura ya ukumbi mara moja, kisha anataja kilichobadilika tu: mara MC kasogea, mara mama wa bwana harusi kakunja uso. Kodeki nayo inahifadhi picha moja nzima, halafu inaandika mabadiliko. Picha nyingine inaziandika kwa kuchungulia picha ya mbele ambayo wewe hujaonyeshwa bado, kwa hiyo kompyuta inaweza kulazimika kufungua ya 12 ndipo ipate kukuonyesha ya 10. Nilipolielewa hilo niliinuka nikazunguka meza peke yangu.

Lakini Jumapili sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni kibao kidogo katikati ya weusi: ili kutazama video hii unahitaji kodeki, inauzwa chini kidogo ya dola moja, weka kadi.

Kadi! Kadi ya harusi ninayo, dabo, imepambwa kwa utepe, iko juu ya kabati. Ya benki ninayo ya kutolea hela tu, na kompyuta ikaikataa kabla sijamaliza kuandika tarakimu.

Na hapa kicheko kinanikauka. Ndugu ni wetu, ng'ombe tumechinja wenyewe, ukumbi umelipwa kwa michango yetu. Bando nimelipia, umeme nimelipia, kompyuta nimelipia, na aliyeniuzia alinihakikishia "inacheza kila kitu, bosi". Kumbe lugha iliyoandikiwa harusi yetu ina wenyewe, wana hataza zao, tena wakusanya ada si kundi moja. Simu ya shemeji ina ruhusa ya kuiandika. Mimi wa kuisoma natozwa upya. Mwenye kadi inayokubalika ataniambia dola moja si kitu. Ni kweli, kwake. Kwangu dola ipo, ila haipiti mlangoni. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa nalipishwa kufungua gunia.

Wakati nanung'unika hayo, sauti ilikuwa inaendelea, na kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama, watu kumi walikuwa wamegeuka masikio matupu. Mama mkwe alishaanza kufaidi. "Huyo anayekohoa ni baba yenu mdogo. Hicho kigelegele cha kukatika ni cha mama wa Bukoba, pumzi hana siku hizi." Watoto wakamsogelea. Kidogo kidogo ukumbi ukajengeka pale sebuleni, mpaka na mimi nikaacha kubofya.

Ndipo ikaja sauti ya shemeji mwenyewe, ya chinichini, karibu kabisa na maikrofoni, akimnong'oneza jirani yake: "Yule wa Dar kadi ya dabo kachukua. Ahadi laki mbili, katoa hamsini, na kuja hajaja."

Kukawa kimya. Kama picha ingekuwepo, nani angeusikia mnong'ono ule, bibi harusi yuko mbele anakata keki? Mke wangu akatazama dari. Mama mkwe akachukua karanga moja, akaimenya taratibu, akapuliza maganda.

"Baba," akasema, "hii redio inashika vizuri."

Aliyeniokoa ni mwanangu wa darasa la sita: "Baba, si uweke ile ya koni?" Koni ni VLC, programu iliyoanza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, na ile koni ya barabarani inatokana na koni ambazo wanafunzi wa pale walikuwa wakizikusanya. Ni ya bure, na kodeki zake imezibeba tumboni. Picha ikatokea, tukapiga makofi. Ila kuifungua H.265 ya 4K ni kazi ya kubeba mizigo, na mzee wangu wa 2011 hana mgongo huo. Bibi harusi alifungua mdomo alishwe keki, akaganda hivyo hivyo, wakati MC ameshafika kwenye zawadi.

Usiku ule nikaanza kuigeuza iwe H.264, mtindo wa 2003. Picha 86,400, sawasawa na sekunde za siku nzima. Kompyuta inatafuna nne kwa sekunde, yaani saa sita. Saa ya tano uniti za LUKU zikaisha.

Mengine nayataja tu. Niliwahi kubadilisha .mov kuwa .mp4 kwa mkono, nikashangaa gunia la mkaa kuandikwa mchele na bado likatoa mkaa. Flashi tupu ya GB 32 ilikataa faili la GB 8, kwa sababu ilipangwa kwa FAT32, isiyopokea faili moja la kufika GB 4. Kodeki ya bure niliyookota mtandaoni iliniletea matangazo ya kamari. Maandishi ya tamthilia ya Kikorea ya mke wangu yalichelewa sekunde nne, mhusika akaaga akiwa ameshakufa.

Jumatatu asubuhi, kabla sijanunua umeme, nilimtumia mhasibu wa kamati ya harusi laki moja na nusu kwa simu. Akanijibu kwa neno moja:

"Imeonekana."