Namna ya Kuiharibu Siku ya Kingatiba

Shule imetangaza: kesho watoto watapewa dawa za kichocho na minyoo ya tumbo. Mzazi anayetaka zoezi hilo liharibike hana kazi kubwa. Nitamwonyesha njia, na madhara yake nitayasema waziwazi, maana anayeumia ni mtoto.

Aanze na tumbo. Amwamshe mwanawe alfajiri, amvalishe sare, amtoe mbio bila hata kikombe cha uji. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu, hasa kwa mtoto aliyejaa minyoo ya kichocho. Saa nne atakuwa ameinama chini ya mwembe anatapika, wenzake wamemzunguka, na kabla ya mchana mtaa mzima umeshasikia kwamba shuleni watoto wanalishwa sumu. Mkoani Morogoro mwaka 2008 uvumi wa namna hiyo ulizua taharuki kubwa mashuleni. Sahani ya kiporo cha ugali na maharage asubuhi hiyo ina kazi zaidi kuliko hotuba yoyote ya mganga mkuu.

Kisha alalamikie dozi. Kwa nini mwanangu wa darasa la tatu kapewa vidonge vingi kuliko mtoto wa jirani wa darasa la tano? Kwa sababu dozi haifuati darasa. Mwalimu ana fimbo ndefu yenye alama. Mtoto anavua viatu, anasimama wima, na pale utosi unapofika ndipo idadi inaposomwa. Mwenye sentimita 100 anameza kimoja, mwenye 130 viwili, mwenye 155 vitatu. Urefu unashika nafasi ya uzito mahali pasipo na mizani. Vidonge vyenyewe vya kichocho ni vikubwa na vichungu, ndiyo maana wajanja huvibana shavuni wakaenda kuvitema nyuma ya choo, ingawa uchungu huzidi vikikawia mdomoni. Mweleze mtoto nyumbani, kwa upole, ameze upesi kwa maji mengi. Ile ya minyoo ya tumbo, albendazoli, ni kidonge kimoja tu na hutafunwa.

Njia nyingine ya kuharibu ni kumficha mwalimu. Mtoto ana homa, au ana kifafa, au yuko kwenye dawa nyingine, na mzazi ananyamaza ili asionekane msumbufu. Sema, mama. Sema, baba. Anayeumwa huahirishiwa, na mwenye kifafa anahitaji mhudumu wa afya aamue kwanza.

Linaloniuma zaidi ni hili: kukojoa damu kuitwa kukua. Ziko familia ambamo babu alikojoa damu, baba akakojoa damu, na sasa kijana anaambiwa amekuwa mwanamume. Hiyo ni damu ya kibofu kilichojeruhiwa na mayai ya minyoo ya kichocho. Ikiachwa miaka, figo huharibika, na kibofu kinaweza kupata saratani. Kwa wasichana mayai hayohayo huleta vidonda ukeni, na binti mdogo huishia kusingiziwa uhuni kwa ugonjwa alioupata akichota maji. Mtoto akisema mkojo una damu, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Asingojee siku ya kingatiba.

Na kama zoezi limepita salama, bado kuna namna ya kulipoteza: kuamini kwamba yameisha. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Michanga iliyoingia wiki chache zilizopita huiacha, wala haimkingi mtoto na maambukizi mapya. Jumamosi akirudi kuogelea bwawani saa sita mchana, jua kali, anaingia wakati vijidudu vya kichocho vinatoka kwa wingi kwenye konokono wa majini, na dakika chache tu zinatosha kupenya ngozi. Akikojolea humo, mayai yake huwaambukiza konokono, nao huwaambukiza wenzake. Maji ya kuoga yatekwe mapema, yafunikwe na kulazwa siku mbili kabla ya kutumika, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa visipopata mtu wa kumwingia. Familia inayolima mpunga haina namna ya kuyakwepa majaruba, najua. Watoto wake ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kupangwa mstarini kila dawa inapoletwa.